Jinsi ya Kumfikisha Tante Gonda Ukumbini

Jumanne, 2 Aprili

Wamekubali! Wamekubali, wamekubali, wamekubali!

Bwana Hoogland wa manispaa kanipigia nikiwa kazini, pale pale mapokezi kwa daktari wa meno. Nikapiga ukelele. Mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi akingoja kung'olewa gego akachukua koti lake, akasema atakuja wiki ijayo. Shauri yake.

Tante Gonda atavishwa nishani ya Mfalme. Shangazi yangu mimi! Kwa kuzunguka miaka yote hii kwenye nyumba za wazee na hospitali za Rotterdam na kikapu chake – chanuo pana, mafuta ya nazi, taulo. Wazee wetu wa Suriname wanalazwa, wauguzi wanawatazama vichwani hawajui waanzie wapi, nywele zinajisokota mpaka zinakuwa kama kiota. Ndipo anapoingia Tante Gonda. Anachana, anapaka, anasuka, anamsuta mgonjwa kwa kutokula, na muuguzi anasimama kando akifundishwa. Muuguzi yeyote wa mji huu anayejua kuchana kichwa cha mtu mweusi bila kumliza, ukimuuliza atakutajia jina lake.

Mimi ndiye niliyepeleka pendekezo. Mwaka jana, kimyakimya. Najisifu leo, kesho nitakuwa mnyenyekevu.

Sasa kazi. Ndiyo desturi yenyewe: mwenye kuvishwa hajui. Huletwa kwa uongo. Kuna waliodanganywa ni harusi, kuna waliodanganywa ni kikao cha shule. Bwana Hoogland kaniambia nichague uongo wowote, mradi shangazi awe ukumbini Ijumaa ya tarehe 26, saa nne asubuhi, amevaa vizuri.

Uongo wowote! Kwa Tante Gonda! Yule mama anausikia uongo ungali tumboni.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimejaribu harusi. Nikamwambia rafiki yangu anafunga ndoa manispaa na anaomba sana Tante aje.

Rafiki gani? Mtoto wa nani? Mbona mama yake hajanipigia? Nani anapika? Nani?! Yule hajui hata kuchemsha wali! Mume anafanya kazi gani? Mbona Ijumaa asubuhi kama watu wanaojificha – msichana ana mimba?

Nilitoka pale ndoa imevunjika.

Na hata ningeshinda, Ijumaa ni siku yake ya kazi kwenye nyumba ya wazee. "Vichwa havingoji, Chella," kasema. Basi.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda kumlilia Ilonka. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ilonka ni binti wa Tante Esseline. Na Tante Esseline ni – niseme nini – alikuwa pacha wa Tante Gonda ila hawakuzaliwa pamoja. Walizunguka wote, kikapu kimoja, vichwa viwili viwili kwa wakati mmoja. Mpaka sherehe ya mwaka juzi, Tante Esseline alipoonja pom ya Tante Gonda, chakula chetu cha kuokwa cha sherehe, mbele ya watu, akatafuna, akatafuna, akaomba maji. Akasema, "Kavu kidogo."

Kavu kidogo! Mbele ya kwaya nzima ya kanisa!

Tangu hapo hakuna salamu. Tante Gonda anachana Jumanne na Ijumaa, Tante Esseline anachana Alhamisi. Wazee wamejifunza kutomtaja wa Alhamisi siku ya Jumanne. Na kanisani shangazi anafunga kilemba chake kwa ule mkunjo wa ugomvi wa bibi zetu unaoitwa Nisubiri Kwenye Kona, pembe ile imetoka nje kama kiwiko. Kila mtu anausoma. Mwenye kuambiwa anausoma zaidi.

Ilonka akasema: mwambie nishani ni ya mama yangu.

Nikamwambia ana wazimu.

Akasema: atakuja. Kama si kwa upendo, kwa wivu. Na mama nitamwambia ukweli, kwamba ni ya Gonda, naye atakuja kwa sababu hizo hizo. Wewe unataka nini, sababu nzuri au shangazi ukumbini?

Ana akili huyu. Au sote hatuna.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimesema. Shangazi alikuwa anapiga pasi.

"Esseline?"

"Ndiyo, Tante."

"Esseline huyu huyu? Mwenye mdomo?"

"Huyo, Tante. Kwa kazi ya vichwa. Lakini ni siri, hajui."

Akaisimamisha pasi. Akaenda jikoni. Nikasikia droo inafunguliwa – nikawaza, analia au anatafuta kisu? Akarudi na kitambaa cha sahani begani, hakuna alichokuwa anapangusa.

"Wamechelewa," akasema. "Wamechelewa sana. Saa ngapi?"

"Saa nne. Ijumaa. Lakini Ijumaa si siku ya –"

"Vichwa vitangoja."

Sikuamini masikio yangu. Nilitegemea wivu, nilijiandaa kwa wivu. Sikujua nifanye nini na hili.

Jumatano, 10 Aprili

Kosa. Kosa, kosa, kosa.

Nimemkuta shangazi kwenye simu. Ameshaagiza bendi ya matarumbeta, isimame nje ya manispaa, ianze kupiga Esseline akitokeza mlangoni. Ameagiza keki. Keki ina jina. Jina si lake.

Nikamkumbusha kwamba ni siri. Akaniangalia juu ya miwani: amemwambia nani yeye? Hajamwambia mtu. Kwaya tu. Na muuza mihogo. Na wazee wa Jumanne, lakini wale wanasahau.

Ilonka anasema nisihofu, Rotterdam Kusini yote ikijua kitu bado Tante Esseline atakuwa wa mwisho kukisikia, kwa sababu huwa anaongea yeye tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Sokoni leo. Lazima niandike yote kabla sijasahau hata neno moja.

Mimi na mifuko nyuma, Tante Gonda mbele anabonyeza mihogo. Nainua macho – Tante Esseline huyo, upande wa pili wa meza hiyo hiyo. Nikamwomba Mungu anipeleke kokote.

"Gonda," akasema Tante Esseline. Miaka miwili, neno la kwanza.

"Esseline. Umenawiri, dada."

"Mimi? Wewe ndiye. Ngozi kama ya msichana."

"Unapumzika lakini? Pumzika. Usijichoshe mwezi huu."

"Mwezi huu una nini?"

"Hauna kitu. Nasema tu. Mtu apumzike."

"Na wewe pumzika basi. Ujiweke vizuri."

"Nijiweke vizuri kwa nini?"

"Hamna. Nasema tu."

Wakatabasamu. Wote wawili! Tabasamu la mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo! Tante Gonda akachagua muhogo mzuri kuliko yote, akautia kwenye kikapu cha mwenzake. Tante Esseline akamlipa kwa nanasi. Muuza mihogo alikuwa ameacha kupima, anatazama tu.

Tulipokata kona shangazi akanishika mkono, machozi yanamlenga. "Maskini," akasema, "hajui kitu."

Nikafika nyumbani, nikakuta wasap ya Ilonka. Mama kaingia sasa hivi na mihogo. Kasema: maskini Gonda, hajui kitu.

Nimecheka nikiwa nimelala sakafuni. Halafu nikaacha kucheka.

Jumanne, 16 Aprili

Sababu iliyonifanya niache kucheka.

Siku ile litasomwa jina moja. Tante Gonda atakuwa amekaa pale na keki ya mwenzake na bendi ya mwenzake na furaha yake yote ya mwenzake – na jina litakuwa lake. Mbele ya kwaya. Mbele ya Esseline. Ataonekana kama aliyempora. Au atadhani mimi nimemfanyia mzaha. Ndio kwanza wameanza kupeana mananasi!

Nimwambie ukweli? Akijua ni yeye, haji. Namjua. Aliwahi kupewa cheti na nyumba ya wazee, akakiweka chini ya chungu cha maua kisilowanishe dirisha.

Nisimwambie? Mungu wangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Bwana Hoogland kapiga kuuliza kama shangazi anashuku lolote. Nikasema hashuku kabisa. Kasema hongera, wengine hushindwa. Kasema nina kipaji.

Nimepita kwa muoka keki. Nimemwomba aongeze "na Gonda". Kasema nafasi imekwisha, labda aandike pembeni. Aandike pembeni basi. Aandike hata chini.

Jumapili, 21 Aprili

Nilikusudia kumwambia leo. Wallahi nilikusudia, nilikuwa nimeshavuta kiti.

Nikamkuta anatia wanga koto lake, gauni letu la sherehe, lile la kijani, marinda juu ya marinda, linasimama lenyewe sebuleni kama mgeni aliyekuja kabla ya wakati. Akaanza kunisimulia habari za Esseline. Anamsifu kwa matusi, ndiyo njia yake. Yule mwanamke hajui kupika. Yule mwanamke hajui kunyamaza. Yule mwanamke anachana kichwa cha mtoto mchanga akiwa usingizini na mtoto haamki! Hana adabu! Mkono ule, Chella, hujauona mkono ule.

Nikamuuliza kama bado amekasirika kuhusu pom.

"Ilikuwa kavu," akasema. "Nilijua ilikuwa kavu. Ndiyo maana nilikasirika."

Nikanywa chai. Nikarudi nyumbani. Mwoga mimi.

Jumatano, 24 Aprili

Nimeshika shavu siku nzima kazini. Daktari wa meno kaniuliza kama ni jino.

Alhamisi, 25 Aprili

Ilonka: tulia. Mimi: nimetulia. Ilonka: mama yangu anataka kujua kama akilia itaharibu picha. Mimi: alie tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Niko kwenye korido ya manispaa, nimesimama, daftari limeegemea ukuta. Ndani bado wanaendelea na watu wengine. Mbele yangu kuna mlango wa chumba kidogo, uko wazi kidogo. Naandika haraka.

Asubuhi nilimchukua saa tatu. Jambo la kwanza nilitazama kichwani. Kama ni Nisubiri Kwenye Kona, nilikuwa nimeamua kugeuza gari. Lakini hapana – amefunga Mkia wa Tausi, mkunjo wa sherehe, umefunguka nyuma wote. Sijauona tangu harusi ya dada yangu. Nikashusha pumzi mpaka kioo kikapata ukungu.

Tukafika. Tante Esseline yuko mlangoni na Ilonka, koto la bluu, naye amefunga Mkia wa Tausi! Wakatazamana vichwani. Wakasomana. Wakashikana mikono kama wasichana wa shule.

Ndani kuna viti vya mbele vya wenye kuvishwa. Tante Gonda akampeleka Tante Esseline kwenye kiti cha mbele.

"Kaa."

"Kaa wewe."

"Wewe, dada. Mimi naona vizuri nikiwa nyuma."

"Wewe una magoti mabaya, kaa."

"Magoti yangu yana nini?"

Bwana Hoogland akaja anatoa jasho, na orodha yake, akajaribu kumwelekeza Tante Gonda. Tante Gonda akampiga mkono kofi dogo, kama anavyowapiga wauguzi wanaoshika chanuo vibaya. Mwisho wakakaa wote wawili mbele. Mzee mmoja mwenye kuvishwa kwa mambo ya njiwa akahamia pembeni.

Naibu wa meya, mama mrefu mwenye mkufu mkubwa, akaanza. Mtu wa njiwa. Mtu wa zimamoto. Mimi kucha zimo kinywani. Halafu akasoma: miaka na miaka kwenye vitanda vya wagonjwa wa mji huu, kwa chanuo na mafuta, heshima ya kichwa cha mtu… Tante Gonda alikuwa ameshamshika Tante Esseline kiwiko, tayari kumwinua.

"Bibi Hillegonda Wilhelmina Vreugd."

Makofi. Kwaya imesimama. Na anayepiga makofi kuliko wote ni Tante Gonda! Anapiga, anampandisha Tante Esseline kwa bega, anasema kwa sauti anayodhani ni ya kunong'ona: "Simama, simama, wamekosea jina tu."

"Ni wewe, mjinga wewe," kasema Tante Esseline, analia na kucheka.

"Mimi vipi?"

"Wewe! Ni yako! Tangu mwanzo ni yako!"

Shangazi akageuka. Akanitafuta. Akaniona. Yale macho – nimekuwa na miaka sita tena, nimevunja bakuli.

Nilidhani atatoka. Hakutoka. Alikwenda mbele, marinda yanasugua sakafu, akasimama mbele ya naibu wa meya, lakini akageukia watu.

Akasema anaomba radhi, mtoto wa kaka yake ana nia njema ila hajui habari. Akasema: tulipokuja nchi hii, majira ya baridi ya kwanza, nilipasuliwa. Nikalala hospitali wiki nyingi na sikuwa na mtu. Nywele zangu zilishikana zikawa donge moja. Siku moja muuguzi akaja na mkasi. Msichana mwema, hakuwa na ubaya, hakujua afanye nini. Mimi sikuwa na lugha ya kumkatalia, nikafumba macho. Ndipo mwanamke aliyekuwa anapiga deki akatupa fagio chini, akasema acha! Hakunijua. Sikumjua. Akatoa chanuo mfukoni mwa eproni, akapanda kitandani kwangu na viatu vyake, akachana kwa mafuta ya mikono ya muuguzi mpaka yakaisha. Muuguzi akavuta kiti akaomba aonyeshwe.

Ukumbi wote unamtazama. Hata mtu wa njiwa.

"Kichwa cha kwanza kilikuwa changu," kasema Tante Gonda. "Nyinyi mnakivisha nishani kichwa. Mkono ule pale, umekaa."

Sikuijua hadithi hii! Maisha yangu yote nimemwona na kikapu chake, nikadhani alizaliwa nacho!

Basi Tante Esseline naye akainuka. Akasema asisikilizwe huyu. Akasema: mimi nilichana kile kimoja nikataka kurudi kwenye deki yangu, nilikuwa na watoto. Yeye ndiye aliyekaa kitandani na kichwa chake kipya, bado ana nyuzi za kushonwa tumboni, akaniuliza, na yule mama wa chumba cha pili? Na yule wa ghorofa ya juu? Akanivuta mkono. Bila yeye ningechana kichwa kimoja tu, kibaya, basi.

"Kibaya?" kasema Tante Gonda.

"Kilikuwa kibaya, Gonda."

Naibu wa meya akashika mkufu wake. Bwana Hoogland akanong'ona kwamba jina lililoidhinishwa na Mfalme ni moja, haliwezi kuongezwa hapa hapa. Wakasema tuendelee na wengine kwanza, mama hawa wapewe chumba wazungumze. Ndiyo hiki chumba. Nishani iko mezani kwenye kisanduku chake.

Naona kwa upenyo. Walianza kwa vaa wewe, vaa wewe. Tante Gonda kasema akiivaa, huyu mwanamke atamsema mpaka kaburini. Tante Esseline kasema atamsema hata asipoivaa. Nimemsikia Bwana Hoogland akieleza kwa upole sana kwamba nishani inaweza pia kurudishwa. Wote wawili wamemgeukia wakamwambia anyamaze, mwanangu, watu wazima wanaongea.

Huko nje bendi imechoka kungoja, imeanza kupiga bila mtu.

Sasa wamesogea mezani. Tante Esseline amefungua kisanduku. Anasema kama ni lazima uwe wewe, basi naivisha mimi, si yule mama wa mkufu. Bwana Hoogland anasema hairuhusiwi, hairuhusiwi kabisa, ni naibu wa meya peke yake. Hakuna anayemsikia. Mikono ya Tante Esseline inatetemeka siku hizi – sikuwa nimeiona kwa karibu – pini inatafuta kitambaa, inakosa, inatafuta tena. Tante Gonda amefumba macho.

"Tulia, Gonda."

"Nimetulia."

"Hujatulia. Hata siku ile hukutulia."